Umefikia Wapi? Istilahi za Malazi ya Mapumziko, kutoka Tembe la Kwihara hadi Visiwani

Aghalabu maswali yanayoletwa mbele yetu hutoka kwa wafasiri, walimu na wanasheria, nayo huhusu neno moja moja. Swali tulilolipata kutoka Tabora halikuwa la namna hiyo. Mtumishi mmoja wa serikali, ambaye yeye na mkewe wanatimiza miaka 25 ya ndoa, alikuwa amejiwekea akiba ya kwenda kupumzika siku tano visiwani. Alipata vipeperushi viwili vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili, kimoja cha hoteli iliyo pwani ya mashariki ya Unguja, cha pili cha kisiwa kidogo kilicho peke yake baharini. Alivisoma mara tatu, akampa mkewe naye akavisoma, kisha akatuandikia kwamba kila walichokielewa katika kipeperushi cha kwanza kilikuwamo pia katika cha pili, na kwamba tofauti zote zilijificha ndani ya maneno wasiyoyaelewa. Mwisho wa barua aliuliza: "Je, ndugu zangu, ni Kiswahili changu kilichopungua au ni cha hawa walioandika?"

Tulimjibu kwamba Kiswahili chake hakikupungua. Lakini jibu hilo halikumsaidia kuchagua, na fedha aliyokusudia kuitumia ilikuwa akiba ya miaka mingi. Kwa hiyo tumeona inafaa kulieleza jambo hili kwa marefu kidogo, maana vipeperushi vya namna ile vinatafsiriwa kila siku, na wanaovitafsiri ni wasomaji wa kurasa hizi. Kwa muda mrefu maandishi ya utalii yaliandikwa kwa ajili ya mgeni atokaye ng'ambo, na mwananchi alitokea ndani yake kama mpishi, nahodha au mwongoza njia. Sasa mwananchi ndiye msomaji, naye yumo safarini kwa nauli yake mwenyewe. Tafsiri inayomfikia huyu haiwezi kuwa pambo; ni mkataba ambao ataulipia.

Vipeperushi vyote viwili vilianza kwa maneno yale yale: "Risoti ya kifahari ya kitropiki kwa ajili ya jozi, yenye ufuko binafsi." Hapo chini vilitaja bei ya "nusu bodi" na ya "kila kitu ndani" kwa "mtu anayeshiriki". Hayo ndiyo maneno tutakayoyachambua. Lakini kabla ya kufika pwani inatupasa kukaa kidogo Tabora kwenyewe, kwa sababu swali la malazi ya msafiri halikuanza na hoteli za ufukoni. Lilikuwapo katika njia ya misafara, na lugha yetu ililijibu kwa maneno yake yenyewe.

Katika karne ya 19 Unyanyembe ilikuwa njia panda. Msafara uliotoka Bagamoyo ulitumia muda wa miezi mitatu au zaidi kufika. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kaze, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Stanley alianza safari mwezi Machi 1871 akawasili mwezi Juni. Hapo misafara mingi ilivunjwa, wapagazi wakalipwa, wengine wakatafutwa, mizigo ikapangwa upya kwa ajili ya Ujiji upande wa magharibi au Karagwe na Buganda upande wa kaskazini. Watu walikaa majuma, hata miezi, wakingoja. Nyumba waliyofikia ilikuwa tembe: nyumba ndefu ya pembe nne, kuta za udongo mnene, paa bapa lililoezekwa kwa udongo juu ya miti, vyumba vikiuzunguka ua wa ndani. Tembe la Kwihara, kilometa chache kutoka mjini Tabora, ndilo walilofikia Livingstone na Stanley mwezi Februari 1872 baada ya kukutana Ujiji. Stanley aliondoka Machi kurudi pwani. Livingstone akabaki humo hadi Agosti akingoja wapagazi na vifaa. Leo ni makumbusho. Anayeingia humo huona kwamba nyumba moja ilikuwa malazi, ghala na baraza kwa wakati mmoja, wala hakuna aliyehitaji neno la kigeni kulieleza hilo.

Mapito yale yalitupa maneno ambayo watumishi wa serikali wanayatumia kila siku bila kuyakumbuka asili yake. *Posho* ilikuwa chakula cha kila siku alichopewa mpagazi, mbali na ujira wake. Leo ndiyo fedha ya kujikimu anayoidai mtumishi akiwa safarini. *Hongo* ilikuwa ushuru uliotozwa na watawala wa nchi zilizopitiwa, na misafara iliyokatiza Ugogo iliijua vizuri. Leo neno hilo linampeleka mtu mahakamani. *Kiongozi* alikuwa yule aliyetangulia mbele ya msafara akiijua njia. Na *kituo* kilikuwa mahali pa kutua, yaani pa kushusha mzigo kutoka begani au kichwani. Tunataka msomaji alikumbuke hili la mwisho, maana litarudi.

Tuanze basi na neno lenyewe, *risoti*. Linasikika redioni na linaandikwa katika mabango, nasi hatuna ugomvi na neno la mkopo lililokwisha kuzoeleka. *Hoteli* yenyewe ni mkopo. Ugomvi wetu ni kwamba mwandishi analitumia pasipo kujua linataja nini. Hoteli ya mjini humpa mgeni chumba, naye huenda zake mchana kutwa kwa shughuli iliyomleta. Risoti ni mahali ambapo shughuli iliyomleta mgeni imo humo humo ndani ya ua: kuogelea, kula, kucheza, kukaa kivulini, kutofanya lolote. Mtu haipiti risoti akienda kwingine. Ndiyo mwisho wa safari yake.

Wafasiri wengi wameandika *kituo cha mapumziko*. Tumelifikiria sana pendekezo hili, kwa kuwa *mapumziko* ni neno zuri: linatokana na pumzi, na mtu anayepumzika ndiye anayeirudisha pumzi yake baada ya kazi. Lakini *kituo* hakitufai. Kwanza kimechoshwa na kazi nyingi: kituo cha polisi, kituo cha afya, kituo cha mabasi, kituo cha kupigia kura. Pili, kwa asili yake kituo ni mahali ambapo mzigo unashushwa ili kesho ubebwe tena. Mpagazi wa Kinyamwezi asingeliita Bagamoyo kituo. Vituo vilikuwa njiani. Bagamoyo ndiko mzigo ulikotuliwa mara ya mwisho. Kwa sababu hiyo tunapendekeza *hoteli ya mapumziko*, na palipo na haja ya kuonyesha mahali penyewe, *hoteli ya mapumziko ya ufukoni* au *ya kisiwani*. *Risoti* libaki katika mazungumzo na katika majina ya biashara.

Hata hivyo *hoteli* lina mtego wake, ambao mgeni haujui lakini mtu wa Tabora anaujua. Katika miji yetu mingi hoteli ni mahali pa kula. Mtu akisema ameketi hotelini amemaanisha wali, maharage na chai ya rangi, wala hakulala huko. Alikolala ni *gesti*, au kwa maandishi ya kibao cha mlangoni, *nyumba ya kulala wageni*. Kibao hicho ni hodari kuliko vipeperushi vyote tulivyovisoma, kwa sababu kinasema nyumba ile ni ya nini. Maneno *ya mapumziko* yakifuata *hoteli* yanaondoa utata huo, lakini neno *hoteli* likiachwa peke yake katika hati ya serikali inayohusu malazi, tunashauri liambatane na *ya kulala*.

Neno *kitropiki* tulilipitia haraka, tukacheka. Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Mji wa Zanzibar uko zaidi ya nyuzi 6. Kwa hesabu hiyo mwenzetu na mkewe, wakiondoka Tabora kwenda katika kisiwa cha kitropiki, wanazidi kwenda mbali na Ikweta. Neno hili lina maana kwa mtu anayeikimbia theluji. Kwa msomaji wetu halina habari yoyote, na mfasiri ana ruhusa ya kulifuta. Anachotaka kujua mtu wa Tabora ni tofauti ya pwani na kwao: joto lenye unyevu ambalo halipoi usiku kama katika uwanda wa mita 1,200 alikozoea, upepo, na maji ya chumvi.

*Jozi* nalo lifutwe, lakini kwa sababu nyingine. Viatu ni jozi, soksi ni jozi, na hata karata zina jozi zake. Mume na mke ni *wanandoa*. Wakiwa ndio kwanza wameoana ni *maarusi*. Kosa hili hutokea pale mfasiri anapolitazama neno bila kuwatazama watu. Na hapo hapo kuna swali la *fungate*, ambalo kipeperushi kimoja kililitumia kwa kila wanandoa watakaofika. Fungate ni siku saba za baada ya arusi ambazo maarusi walikaa ndani wakiletewa chakula na jamaa. Katika Kishambaa na lugha nyingine za ukanda ule *mfungate* ni saba. Kwa hiyo fungate ni muda, tena muda wa kukaa, si safari. Limepanuka leo likawa na maana ya safari ya maarusi, na upanuzi huo tunaukubali, kwa sababu kiini chake cha wawili kuachwa peke yao hakikupotea. Lakini watu waliooana miaka 25 hawamo katika fungate, hata wakipendana namna gani. Wako katika *mapumziko*, au kama ni waajiriwa, katika *likizo*. Tofauti si ndogo: likizo hutolewa na mwajiri, ilhali mkulima wa tumbaku wa Urambo hana wa kumpa likizo, naye anaweza kupumzika.

Wako waliotuandikia zamani wakitaka tuseme *mwezi wa asali*. Tunakiri kwamba kama kuna mahali ambapo neno hilo lingeweza kuota ni Tabora, penye asali nyingi ya miombo na katika nchi ambayo wageni wa kale waliita Nchi ya Mwezi. Lakini neno lililoundwa kwa kufuata lugha nyingine, wakati letu lipo na ni fupi, halina sababu.

Sasa tunafika kwenye *kifahari* na *anasa*, na hapa pana utajiri wa kutosha kumpoteza mfasiri. Kiswahili kina ngazi nzima ya maneno kwa jambo hili. *Raha* na *starehe* ni ndugu wa shina moja la Kiarabu, yote mawili yakihusu kupumzika na kutulia. Starehe ni hali ya mwili kukosa bughudha. *Fahari* ni ya kuonekana, mtu hujivunia. *Anasa* ni ladha ya kupita haja, na katika masikio yetu ina lawama ndani yake: mpenda anasa si sifa, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 neno hili lilizidi kubeba lawama hiyo. Mfasiri anayeandika *hoteli ya anasa* kwa msomaji wa Tabora anamwambia, bila kukusudia, kwamba aone aibu. Anayeandika *ya kifahari* anamwahidi kitu cha kutazamwa. Na huenda hoteli yenyewe haina hiki wala kile.

Tuchukue mfano wa Chumbe, kisiwa kilicho kusini mwa Mji wa Zanzibar, ambacho kimekuwa hifadhi ya matumbawe tangu 1994. Pana mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 na bangalo saba za wageni. Maji ya kuoga ni ya mvua iliyokingwa na paa, umeme ni wa jua, choo hakitumii maji, na hakuna kiyoyozi wala bwawa la kuogelea. Bei yake hata hivyo si ya gesti ya stendi ya mabasi. Mgeni analipia utulivu, matumbawe na uchache wa wageni wenzake. Je, hiyo ni anasa? Kwa wengine ndiyo, kwa wengine ni kambi ya gharama. Neno moja la sifa haliwezi kumwambia msomaji kama atapenda. Maelezo mafupi ya maji, umeme, choo na idadi ya vyumba yatamwambia mara moja. Tunawashauri wafasiri, pale sifa inapokuwa tupu, wamwombe mwenye hoteli awape habari, waandike hiyo. Daraja la nyota lililotolewa na mamlaka ya serikali ni habari. *Ya kifahari* ni maoni.

Neno lililotuudhi kuliko yote ni *binafsi*, katika *ufuko binafsi* na *kisiwa binafsi*. Hapa watumishi wa serikali watatuelewa upesi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Zanzibar nako ardhi ni mali ya umma. Mwekezaji anakodi. Basi kisiwa kama Mnemba, kaskazini mashariki mwa Unguja, ambacho wageni wanaolala humo ni wa hoteli moja tu, ni *kisiwa kilichokodishwa*, si kisiwa cha mtu. Ama ufuko, mambo ni wazi zaidi kwa macho. Katika pwani ya mashariki, maji yakipwa, wanawake wa Paje na Jambiani hushuka kwenye mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoenea huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengine hutafuta pweza katika miamba. Mgeni aliyeahidiwa ufuko binafsi atawaona watu hao kama wavamizi, na walinzi wataamriwa wawafukuze kutoka mahali walipozaliwa. Tafsiri imezaa ugomvi. Kinachotafutwa na wanandoa kina neno lake tayari, nalo ni *faragha*: hali ya kutoonekana na kutosumbuliwa. Andika *chumba chenye faragha*, *bustani yenye faragha*. Ufuko uuache ulivyo.

Kwa kuwa tumetaja kupwa, tuseme neno kwa mfasiri wa bara. Vipeperushi vyote viwili viliahidi "bahari mlangoni". Mtu wa Tabora, aliyezoea maji ya Igombe yasiyohama, hana sababu ya kushuku. Lakini katika pwani ya mashariki ya Unguja bahari hujaa na kupwa, na wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukimbia mbali mno, mtu akaweza kutembea kwa miguu hadi karibu na mwamba. Upande wa Nungwi na Kendwa, kaskazini, tofauti hiyo haionekani sana. Mwenye kutaka kuogelea saa yoyote na mwenye kutaka kutembea juu ya mchanga wazi hawapaswi kupelekwa mahali pamoja. Maneno ya pwani, *kupwa*, *kujaa*, *bamvua*, *maji mafu*, yanasema yote haya kwa ufupi, nayo yamekaa katika kamusi zetu yakingoja. Hali kadhalika majira. Tabora ina mvua moja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mwezi Mei vumbi limekwisha kuanza. Pwani mwezi wa Aprili na Mei ni masika. Kipeperushi kilichoandika *msimu wa chini* kwa miezi hiyo kilificha mvua nyuma ya neno la biashara. Mwenzetu aliuliza kama ni chini ya nini. *Msimu wa masika, bei nafuu* yangemwambia sababu na faida kwa pamoja.

Tumalizie na bei, ambako kosa la neno hugeuka deni. *Nusu bodi* halieleweki. Kwa mtumishi wa serikali bodi ni wakurugenzi, na nusu yao ni mkutano usiotimiza akidi; kwa dereva bodi ni ya lori. Kinachomaanishwa ni chakula. Tunapendekeza *malazi na chakula cha asubuhi*, *malazi na milo miwili*, *malazi na milo yote*. Kwa *kila kitu ndani*, wengine wamejaribu *bei ya jumla*, lakini hiyo ni ya mwenye duka anayenunua kwa magunia. *Bei yenye huduma zote* inatosha, mradi huduma zitajwe, maana vinywaji, boti na kuzamia aghalabu havimo. Wapagazi wa njia ya Unyanyembe walikuwa makini kuliko sisi. Ujira ulikuwa neno moja, posho neno jingine, na mtu alijua kabla ya kubeba mzigo kipi kimo katika mapatano na kipi hakimo.

*Bei kwa mtu anayeshiriki* ndiyo iliyomponza mwenzetu. Alidhani ni bei ya chumba kwa watu wanaoshirikiana. Maana yake ni bei ya kila mtu mmoja, watu wawili wakilala chumba kimoja. Kwa hiyo wanandoa watalipa mara mbili ya namba iliyoandikwa. Hakuna njia fupi ya kulisema hili, na mfasiri asiitafute. Aandike: *bei ya kila mtu, wawili wakilala chumba kimoja*. Vivyo hivyo *singo* na *dabo*. Katika gesti zetu nyingi singo ni chumba cha kitanda kimoja, hata kama kitanda hicho ni kipana cha kuwatosha wawili, na dabo ni cha vitanda viwili. Katika hoteli za kitalii singo huhesabu watu, si vitanda. Mume na mke wa Tabora wakiomba singo kwa mazoea ya kwao, wataandikiwa mtu mmoja. *Chumba cha watu wawili, kitanda kimoja* halina mazoea mawili.

Tena lipo *mkazi*. Hoteli na hifadhi nyingi zina bei tofauti kwa raia, kwa wageni wenye kibali cha kukaa nchini, na kwa wageni wengine. Kipeperushi kimoja kilikuwa na "bei ya wakazi" tu. Mwenzetu akajihesabu mkazi wa Tabora, jambo ambalo ni kweli, akaichukua bei ya wale wageni wenye kibali. Raia ana neno lake. Litumike.

Kabla hatujaondoka katika njia ya misafara, tunawajibika kutoa tahadhari moja. Njia hiyo imo tangu 2006 katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, Kwihara ikiwa mojawapo ya mahali palipotajwa, na bila shaka vipeperushi vyake vitakuja kutafsiriwa. Ilipita pembe za ndovu na ilipita watu waliofungwa minyororo. Mfasiri asiyachukue maneno ya ufukoni akayapeleka huko. Mahali palipokuwa na pingu hapawi *kivutio* kwa sababu tu panatazamwa. *Mahali pa kumbukumbu* panatosha. Visiwani pia yapo ya namna hiyo. Changuu, mbele ya Mji wa Zanzibar, ilijengewa jela katika miaka ya 1890 ambayo haikupata kutumiwa kama jela, ikafanywa karantini ya wasafiri wa meli. Wageni wakaipa jina la jela hiyo, na tumesoma tafsiri za Kiswahili zinazoiita Kisiwa cha Gereza, kana kwamba Changuu halikuwa jina lake tangu mwanzo. Jina la mahali halitafsiriwi kurudi nyumbani kwake.

Mwenzetu wa Tabora tulimpelekea maelezo haya kwa ufupi. Alizipigia simu hoteli zote mbili akiwa na maswali yaliyoandikwa: bei ni ya mtu au ya chumba, milo mingapi, bei ya raia ni ipi, maji hupwa saa ngapi katika tarehe zile, na chumba kina faragha gani. Kile kisiwa, alipokijumlisha sawasawa, kilizidi akiba yake karibu mara tatu. Walikwenda pwani ya mashariki, mwezi wa Julai, wakati wa kusi. Ametuandikia kwamba mkewe alitumia asubuhi mbili na wakulima wa mwani, akarudi na mwani uliokaushwa wa kuwaonyesha majirani.

Katika barua hiyo ya pili aliongeza jambo ambalo hatukulitegemea. Anasema watu wa kwao hawamuulizi msafiri aliyerejea kwamba alilala hoteli gani. Humuuliza: "Ulifikia wapi?" Na jibu huwa kwa mjomba, kwa rafiki, gesti, au hoteli kubwa, bila kubagua. Ni kweli, na sisi wenyewe tunasema hivyo kila siku. *Malazi* yamezoeleka katika hati za serikali, lakini yanataja kulala tu, wakati anayekwenda kupumzika hulala kidogo kuliko mambo mengine. *Fikio*, wingi *mafikio*, limo katika kamusi likiwa na maana ya mahali pa kufika. Je, linaweza kubeba maana ya jumla ya mahali popote anapopokelewa msafiri, kuanzia tembe hadi hoteli ya mapumziko? Sisi bado hatujakata shauri. Tunawaomba wasomaji, hasa walioko Tabora, Kigoma na visiwani, watuandikie kama wamelisikia likitumika hivyo, mahali gani, na katika sentensi gani.